Maji kwa Kichwa

"Vichwa vingapi?" aliniuliza Mzee Gichohi,
daftari gotini, kalamu sikioni.
Hakuuliza watu. Kwenye ploti yake, Kaptembwo,
maji yalilipwa kwa kichwa, na watoto, alisema,
huandika kutani, huziba choo, hulia usiku.
Nikamwambia viwili: mimi na Nyaboke.
Nikamhesabia kodi ya mwezi na amana ya mwezi,
noti zilizonyauka kwa kukaa soksini.
Ogeto, miaka miwili, sikumtaja.
Alikuwa Njoro kwa dada yangu, ananyonya kidole,
hajui kwamba amefutwa.

Chumba namba tisa.
Dirisha moja, kioo nusu, katoni nusu.
Na ufa: umeanzia sakafuni, kando ya mlango,
umepanda hadi gotini pangu,
mwembamba kama uzi wa kushonea gunia.
"Ndiyo ardhi ya Nakuru," akasema Makokha, mtunza ploti.
"Chini ni majivu ya Menengai. Mvua ikinyesha
yanajigeuza kama mgonjwa kitandani."
Nikamwomba auandike, siku ya kuhama nisidaiwe.
Akacheka. "Ufa hauandikwi, mama. Hauna kichwa."

Wiki ya saba nikamleta Ogeto,
saa nne usiku, amelala mgongoni
chini ya koti la marehemu baba yake.
Makokha alikuwa langoni na tochi.
Akamulika viatu vyangu.
Akamulika mbwa wa jirani.
Mgongoni hakumulika.

Tulikaa miaka mitano.
Tulijifunza kukohoa kwa zamu.
Jumamosi za kodi, Ogeto aliingia uvunguni
na kikombe chake cha uji,
akalijua jina lake kama kitu cha kunong'onwa.
Maji ya kisima yakampaka meno rangi ya chai
kama watoto wote wa ploti ile.
Kila alipocheka niliogopa:
risiti ilikuwa kinywani mwake.

Kila Krismasi nilivuta pazia, nikashika penseli.
Nyaboke kwenye fremu ya mlango.
Ogeto ukutani, kando ya ufa.
Mwaka wa tatu, baada ya mvua za Aprili,
ufa ukampita.
Alilia sana. Alidhani wanashindana.

Kisha nikapata vyumba viwili, Lanet.
Nikatoa ilani ya mwezi. Nikafagia hadi pembe za dari.
Gichohi akaja na daftari lilelile.
Kioo: mia tano.
"Kilikuwa katoni tangu mwanzo."
Mia tano.
Tundu la msumari. Moshi wa jiko darini.
Akavuta pazia.

"Na hii?" Kidole chake kikapanda mistari ya ukutani,
tarehe kwa tarehe, hadi usawa wa kifua chake.
"Hiki ni kichwa cha nani?"

Ogeto alikuwa nje, juu ya mkokoteni,
ameketi kwenye godoro, mdomo ameufunga kwa mazoea.
Nikapiga hesabu: miezi hamsini na minane
mara mia na hamsini.
Amana ingekwisha, na deni lingenifuata Lanet.

Makokha akasafisha koo.
"Ni ufa, mzee. Tulikuwa tunaupima.
Si uliniambia mwenyewe niuangalie?"

Gichohi akauinulia macho. Ulikuwa umemzidi kimo.
Nikamwona, kwa mara ya kwanza,
akirudi nyuma hatua moja
ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Alinirudishia nusu. Rangi ni rangi, alisema.
Nikamkabidhi ufunguo na kamba yake.

Langoni Makokha akasimamisha mkokoteni,
akampa Ogeto mkono, rasmi,
kama mtu anayekutana na mgeni.
"Nawe unaitwa nani?"
Mtoto akanitazama kwanza.
Kisha akalitaja, lote, na la baba yake,
kwa sauti hata mbwa wa jirani akabweka.