Istilahi za Jumanne

Somo la tisa: maneno ya sanaa.
Nje, Kaunas, theluji imegandia kwenye vyuma vya ngazi,
na Danguolė, miaka sitini na minane, kakaa na koti darasani
maana hita ya shule hulala kabla ya wanafunzi.

Mwalimu Skirmantė anaandika ubaoni.
Neno la mchoro wa lipu mbichi: Waingereza walilitoa Italia.
La picha ya kubandika vipande: Ufaransa, wala hawakurudisha.
"Kumbe nao ni wakopaji!" anacheka Danguolė,
na kalamu yake inapata nguvu kidogo.

Kisha linakuja la vitu vilivyopangwa mezani.
Kwao huitwa maumbile mafu.
Ndivyo alivyoiita miaka yote
ile picha ya Vygantas juu ya friji:
matufaha matatu, kisu,
kikombe kilichovunjika mkono.
Tufaha la tatu ni mistari tu ya penseli;
hospitali iliwahi kuita.

Anafungua kamusi. Kwa Kiingereza ni maneno mawili.
La pili, uhai. Hilo analijua.
La kwanza lina maana mbili, moja chini ya nyingine:
tulivu,
bado.

"Ni ile ya juu," anasema mwalimu.
Danguolė anaandika ya juu, kwa utiifu,
halafu pembeni, kidogo kidogo, ya chini.

Usiku anavuta kiti hadi kwenye friji,
analipangusa vumbi tufaha lililonyimwa rangi.
Bado, analiambia kwa Kiingereza,
kwa lafudhi mbaya sana.

Alhamisi kuna mtihani wa vitenzi.