Siku Kumi na Tisa na Paka wa Velta

Velta wa ghorofa ya pili alivunjika nyonga kwenye barafu,
mbele ya duka la mikate, hapa Riga, Februari,
mkate bado kwapani.
Walipomwingiza garini alinitupia ufunguo:
"Talis, paka. Mpe samaki, usimpe maziwa.
Na usimwite. Atakuja mwenyewe."

Wahenga walisema akiondoka paka panya hutawala.
Hawakusema akiondoka mwenye paka.

Rudis aliingia kwangu kama mpima ardhi,
akanusa miguu ya meza, akanusa viatu,
akanusa barua ya kuachishwa kazi
iliyokuwa sakafuni tangu mwaka mpya,
akaikalia.

Miaka ishirini na sita nilipanga ratiba za tramu.
Naujua uzito wa dakika nne
kwa mama aliye kituoni na mtoto mwenye homa.
Sasa mashine ndiyo hupanga. Haikosei, wanasema,
wala haiombi likizo.
Nikabaki na dakika zangu zote mkononi,
nazihesabu kama chenji
mlangoni pa duka lililokwisha fungwa.

Yeye hana hata moja.
Ana bomba la joto chini ya dirisha.
Ana mraba wa jua unaoingia saa tano asubuhi
na kutambaa sakafuni hadi kwenye mguu wa kabati,
naye hutambaa nao, macho kayafumba,
inchi baada ya inchi.
Jua likizama nyuma ya dohani la kiwanda
haendi dirishani kudai lililobaki.
Hujikunja palepale, penye vuguvugu,
roho kwatu.

Nisimpe utakatifu. Usiku wa pili alilia mlangoni,
sauti ya bawaba kavu, hadi alfajiri,
nami nimeketi kando yake na blanketi,
sina la kumwambia.
Kulipopambazuka alikula, akajilamba, basi.
Mimi ningelia hadi Aprili
kwa kuwa tu nimeshaanza.

Siku moja alimrukia nondo kwenye pazia,
akamkosa, akaangukia redio,
redio ikaanza kutangaza bei ya gesi.
Akatazama huku na huku,
kisha akalamba bega lake kwa makini,
mithili ya mtu aliyepanda pazia kwa shughuli hiyo hasa.
Nilicheka.
Nikashtuka: nani huyo, nyumbani mwangu?

Dada yangu Skaidrite hupiga simu Jumapili.
"Wiki hii umeomba kazi wapi?"
"Nina paka mapajani, siwezi kunyanyuka."
"Huo si udhuru."
Nikamtazama. Kilo tano. Injini ndogo
ikinguruma kifuani, haiendi popote, haichelewi.
"Ni udhuru," nikasema.

Nilidhani kutosheka ni kukata tamaa
kulikovaa shati safi.
Lakini huyu hakukata chochote. Akitaka samaki
hutaka kwa mwili mzima, mkia wima,
anapiga kelele kama mdai.
Akishiba, ameshiba.
Mimi sijapata kushiba hivyo. Hata siku ya harusi yangu
nilikuwa natazama saa.

Velta alirudi siku ya ishirini, amekonda, ana mkongojo,
akapanda ngazi moja moja, akipumzika kila kona.
Nilitarajia mbio, nyau, machozi.
Rudis alifumbua jicho moja,
akapiga mwayo uliofika utumboni,
akalifumba.
"Umeona?" Velta alisema, akifuta uso. "Alijua nitarudi."

Sijui kama alijua.

Jana saa tano nilisogeza kiti, nikakunja zulia,
nikalala sakafuni, mwanamume wa miaka hamsini na minane,
shavu juu ya mbao.
Tramu namba tatu ikapita huko chini,
bilauri zikatetema kabatini.
Ilikuwa imechelewa dakika mbili.
Nililijua hilo.
Nikajisogeza kidogo, nikifuata jua.