Kuanua

Kuna waya uani kwa Bibi Aune Lahtela,
Calumet, mji wa shaba iliyokwisha,
umefungwa kwenye nguzo mbili za chuma zilizoinama
kama watu wanaotafuta kitu kilichodondoka thelujini.
Mimi ndiye nimwoshaye, nimpaye dawa,
nimkataye kucha kila Ijumaa.
Nilimwuliza kwa nini waya usiondolewe.
Akasema: una kazi.

Leo wamekuja wawili, viatu vinang'aa,
wakatandaza mezani kijiti chenye pamba.
Wanataka mate yake.
Eti huko mbali, makashani, ipo mifupa isiyo na majina,
na mate ya dada huenda yakamwita kaka.
Nilimshika kidevu.
Miaka themanini na minne, na ndani ya shavu
bado yumo Reino, wa miaka kumi na tisa.

Reino mwenye sikio moja kubwa kuliko jingine.
Reino aliyeuza sungura wake wote
apate viatu vya kutelezea barafuni,
akamwahidi dada yake dola moja akimtunzia.
Viatu vipo. Dola bado anaidai.

Waliitwa wanamaji,
lakini maji aliyofia yalikuwa mawe:
ziwa lililoganda, Korea, Desemba ya mwaka hamsini,
bunduki zenyewe zikigoma kwa baridi.
Wenzake walirudi nyuma usiku, wakibeba waliowaweza.
Yeye hawakumweza.

Baba yao alifia mgodini,
karibu maili nzima chini ya miguu ya mji,
na bado walimpandisha, amelazwa ubaoni,
wakamwosha kwenye kibanda cha mvuke,
mkewe akamfunga taya kwa kilemba chake mwenyewe.
Shimo lilirudisha.
Kilima kilikataa.

Telegramu haikusema amekufa. Ilisema hajulikani aliko.
Na mama yao, Hilja, alikuwa mtu wa kulishika neno kama lilivyo.
Kila Jumatatu akalifua shati lisilo na mvaaji,
akalitundika nje, baridi ya kugandisha mate,
nalo likaganda limesimama,
mikono imetanuka, kifua kimejaa upepo,
na Aune, msichana wa miaka kumi na mmoja,
akilitazama dirishani, akadhani
 
Hapa hunyamaza. Kila mara, hapahapa.

Mwaka uliofuata wakaandika: ahesabiwe marehemu.
Ahesabiwe.
Hilja akafua.
Shati liliishia wayani, Aprili mojawapo, uzi kwa uzi.
Vibanio viwili vimo kwenye kopo la tumbaku.

Wageni walipoondoka aliniuliza
kwetu tunafanyaje kwa asiye na kaburi.
Nikamwambia iko sala ya ghaibu:
safu husimama mbele ya mahali patupu.
Na msiba ukitimiza siku zake, tunaanua matanga,
mikeka inakunjwa, masufuria yanarudi kwa wenyewe,
watu wanakwenda kulala kwao.
Neno hilohilo, nikasema, tunalo kwa nguo pia.
Mvua ikitanda, unakimbia kuanua.

"Neno moja?"
"Moja."
Alicheka mpaka nikamshika asidondoke kitini.
Kisha akafuta macho kwa kiganja:
"Basi toka ukaanue."

Nikavaa buti. Theluji magotini.
Wayani hapakuwa na kitu
ila barafu iliyoning'inia kama meno ya msumeno.
Nikanyoosha mikono hivyohivyo, majirani watazame wakitaka,
nikabandua hewa kwenye waya, nikaikunja
kama bibi yangu wa Pangani alivyonifunza,
mikono ya shati ndani kwanza, kola juu,
nikarudi nimekumbatia.

Hakunitazama usoni. Alitazama mikono yangu.
"Limekauka?"
Nilitaka kudanganya, lakini vidole vilikuwa vinachuruzika maji
kwenye zulia lake.
"Bado."
"Basi kalitundike."