Mpigo Mmoja

Kazi yangu ni vidole.
Miaka kumi na tisa nimeketi chini ya meza ya jaji,
mahakama ya kaunti, Stockton, ghorofa ya tano,
nikipiga kila linalosemwa kama lilivyosemwa;
kikohozi tu ndicho ninachokisamehe.
Neno likijirudia mno, mashine hulipa njia ya mkato.
"Genge" nalimaliza kwa mpigo mmoja.
"Veasna Chhim" hunichukua minne.

Sheria ya jimbo haina pupa. Huanza kwa kuhesabu:
watu watatu au zaidi,
wenye jina moja au alama moja,
na uhalifu wao uwe na mtindo, usiwe wa bahati mbaya.
Nimeipiga hata naziota koma zake.
Watatu, kama mafiga.
Jifya moja haliinjiki chungu,
na jimbo nalo lina chungu chake.

Wawili hawakumsumbua mtu kichwa.
Rithy ana tatuu shingoni, na maana yake ni ileile waliyoisema.
Sovann alikiri kabla hajaletewa maji.
Aliyetafutwa ni wa tatu,
aliyebaki garini, injini inanguruma,
mtoto wa miaka kumi na minane na miezi miwili.
Hiyo miezi miwili!

Sajenti Pomeroy, shahidi mtaalamu, anaonyesha picha:
ua wa nyumba, kofia za buluu, vidole juu.
"Ndege wa rangi moja," anasema, "huruka pamoja."
Pingamizi.
Limekataliwa.
Napiga yote mawili kwa uzito uleule.

Kisha mwenye duka, Gurmukh Sandhu,
kifundo cha mkono bado kimefungwa.
"Genge sikuliona. Niliona watoto watatu,
na yule wa garini namjua, hununua barafu kwangu."
Wakili wa utetezi akatabasamu, akakaa.
Mzee hakuwa amemaliza:
"Lakini silali tena bila taa.
Mke wangu hutazama mlango hata tukiwa kanisani kwa watu, arusini.
Mtu na aniambie hilo nalo linaitwaje."
Hakuna aliyemwambia.
Na mimi siruhusiwi kusema.

Baba yangu alikuwa genge.
Genge la kukata asparaga, kule visiwani mtoni,
Wafilipino kumi na wanne chini ya mnyapara mmoja,
kofia moja, kitambaa kimoja puani kuzuia vumbi la mboji,
na jina walilojipa ambalo mama alikataa kulitamka.
Jumamosi walipigana. Mara moja kisu kilitoka.
Asubuhi mnyapara aliwahesabu,
wakatimia, wakashuka shambani.
Hilo halimo kwenye kumbukumbu yoyote.
Nalipiga hapa.

Siku ya hukumu mvua ilinyesha, paa likavuja karibu na bendera.
Unyang'anyi: miaka mitatu.
Kwa kuwa ulitendwa kwa faida ya genge: kumi juu yake.
Neno langu la mpigo mmoja
lina uzito mara tatu na ushei kuliko mkono wa mzee Sandhu.
Sisemi ni haki, sisemi si haki.
Nasema nilihesabu.

Jaji akauliza, "Umeelewa?"
Kijana akatikisa kichwa.
"Jibu kwa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu."
Akanigeukia mimi, si jaji,
kama mtu anayeulizia njia,
akasema, "Ndiyo."
Mpigo mmoja pia.

Nyuma, benchi la mwisho, bibi yake alikuwa akikunja vidole,
kumi, kisha akaanza upya: kimoja, viwili, vitatu,
akihesabu kwa Kikhmeri, kwa sauti, polepole,
na hakuna aliyemnyamazisha.
Mashine yangu haina herufi zake.
Niliandika: (Sauti kutoka kwa hadhira. Haikueleweka.)
Nikaufuta mstari.
Nikaurudisha.