Mcheri wa Hynek

Jumatatu watakuja na msumeno:
Hynek kauza kiwanja, pajengwe gereji.
Basi Vlasta akaiegemeza ngazi thelujini,
Februari, Moravia bado imeganda,
akakata matawi saba, au manane,
hakuhesabu, vidole vilishakufa ganzi.

Jikoni akayaponda miguu kwa nyundo ya nyama,
taratibu, kama mtu anayeomba radhi,
akayalaza bafuni usiku kucha, maji vuguvugu
(mwenyewe akanawa uso tu),
kisha akayasimamisha katika chupa ya achari ya matango
iliyogoma kuacha harufu yake.

Siku ya kumi: fimbo.
Ya kumi na tatu: fimbo, na aibu.
Msumeno ulishakuja, ukanguruma, ukaenda zake.
Ya kumi na saba, anamenya viazi,
tumba moja likapasuka, jeupe,
jeupe kuishinda theluji ya nje iliyochoka.

Hynek kaliona dirishani. Kabisha hodi.
Alikuja na la kusema, mdomo ukawa mzito.
Akavua viatu mlangoni,
akasogea kwa soksi, moja imetoboka,
akainamisha pua.

"Pananuka siki," akasema.

Hakuondoka.