Kesi ya Paka

Kutaisi, upande wa juu wa mto Rioni,
nyumba ya ghorofa tatu, ua mmoja wa pamoja:
huko ndiko alikohamia, hakuna aliyemwita,
paka shume, rangi ya majivu ya jana,
shingo nene kama ya mpiga mieleka mstaafu.

Mwezi wa kwanza tulimcheka.
Wa pili akaiba jibini ya Tsiala,
donge zima lililokuwa likichuja maji dirishani,
akashuka nalo ngazi, kitambaa kikimfuata nyuma
kama shela ya bibi harusi.
Akakojolea viatu vya Guram, vile vya msibani.
Guram akaingia navyo kanisani, hajui,
na waombolezaji wakaanza kusogea,
mmoja mmoja, kwa heshima.

Lakini usiku! Usiku ndiyo kesi yenyewe.
Saa nane, hata mto umepunguza sauti,
kilio kinaanza: kwanza mnong'ono, kisha mvuto mrefu,
kama mtu anayeburuta kabati kwenye sakafu ya saruji
na kabati lenyewe halitaki kuhama.

Tukafanya kikao chini ya mzabibu,
Guram mwenyekiti kwa kuwa kiti ni chake.
Eteri alisema maganda ya machungwa.
Tukayatandaza; paka akayalalia.
Malkhazi alisema maji ya baridi.
Tukamwaga; akalowa mleta barua.
Ndipo Guram, kwa sauti ya chini, akataja dawa ya panya,
na kikashuka kimya kile
cha watu wanaoogopa kukubali kabla ya wenzao.
Bibi Nazibrola wa ghorofa ya juu ndiye aliyekivunja:
"Atakayeweka sumu nitamwomboleza angali hai.
Na mimi, mnanijua, najua kuomboleza."

Basi tukachanga. Kila mlango lari kumi,
Guram saba na ahadi.
Mimi, kwa kuwa sina mume wala gari la kuchafuliwa,
nikakabidhiwa gunia.
Nilimnasa kwa kichwa cha samaki.
Ndani ya basi aliimba mwanzo hadi mwisho wa safari,
abiria wakinitazama kama mwizi wa watoto.

Daktari wa mifugo, kijana mwenye kucha safi,
alimhasi, akamkata ncha ya sikio la kushoto:
alama, alisema,
asije akakamatwa mara mbili kwa kosa moja.

Alirudi bubu.
Usiku wa kwanza tulilala kama magogo.
Wa pili, Guram alifungua divai, akadai yeye ndiye aliyeshauri daktari.
Wa tatu, saa nane,
kabati. Sakafu. Kabati.

Nikatoka na ndoo.
Ngazini nikamkuta Eteri na ufagio, Malkhazi na tochi.
Tukammulika: ameketi juu ya boneti ya Guram,
mdomo umefumba,
anatazama juu, dirisha la ghorofa ya tatu,
kama shahidi aliyechoka kungoja kuitwa.

Sauti ilitoka huko. Sasa ilikuwa na jina ndani yake.
Zaza, ilisema. Zaza.
Aliyekwenda Poland kufanya kazi ya matofali,
aliyeandika mara mbili.

Malkhazi akazima tochi.
Hili halikuwamo kwenye ajenda.

Miezi mingapi tulimrushia paka ndala
kwa kilio kisicho chake?
Au labda walilia wote wawili,
mmoja akimfunika mwenzake, kwa makusudi.
Sijui. Mwenye kujibu amehasiwa na amenyamaza.

Asubuhi kila mtu alisalimia mbiombio.
Tsiala alifagia ngazi ambazo hazikuwa zamu yake.

Usiku uliofuata nikapanda,
kibakuli cha maharage mkononi, kisingizio tu,
nani hula maharage saa nane za usiku?
Alikuwa ameshafika, yule, mbele ya mlango wake,
sikio fupi, mkia umezungushwa miguuni.
Hakunipisha.
Nilipoinua mkono kubisha
alinitazama jinsi mlinzi wa zamu
anavyomtazama mwenzake
aliyechelewa.