Daftari la Mvua

Saa tatu asubuhi, kama ilivyoagizwa,
nazunguka nyuma ya darasa la sita,
nachuchumaa, nainua faneli, nachungulia.
Buibui.
Mara nyingi siku hizi ni buibui,
na uso wangu umepinda kwenye chupa kavu.

Naandika: Januari, tarehe kumi na tisa. Sifuri nukta sifuri.
Mwaka wa ishirini na tatu huu, mwandiko uleule,
ila zamani sifuri zilikuja kama wageni,
zikakaa siku mbili, zikaaga.
Siku ya tatu tulizipa jembe,
nazo zimelima kweli.
Zimelima hadi mlangoni.

Nilichora grafu ubaoni kwa chaki ya rangi,
mstari ukishuka kama mbuzi ateremkaye korongo.
Watoto wakanakili, wakapata alama nzuri.
Jioni nikaenda kuchoma matofali.

Tanuri liliwaka siku tatu, usiku na mchana.
Migunga kumi na minne,
na mkwaju mmoja ambao Chidawali aliapa ulikuwa umeshakufa.
Haukuwa umekufa.
Niliona utomvu ukichemka kwenye ncha ya gogo,
ukilia sii, sii,
kama mtu anayemeza neno.
Nikasogeza kuni.

Nyumba ni nzuri, siwezi kuisingizia.
Ina baraza, ina mifereji ya kukinga maji ya paa
mipya kabisa, haijashika kutu.

Tulipanda pia. Miche elfu mbili, siku ya mgeni rasmi.
Tulipiga picha, tulisaini posho.
Mbuzi nao walihudhuria,
wao walibaki hadi mwisho.
Na kila Alhamisi lori lilipita likiwa na magunia ya mkaa
kuelekea kule ambako usiku tunaona mng'ao wa Dodoma
kama chungu kilichosahauliwa jikoni.
Tuliwapungia mkono. Dereva alikuwa shemeji yangu.

Sisemi ni Handali iliyoiua mvua.
Wapo waliochoma makubwa kuliko matofali,
mbali, wasiojua uwele unavyonyauka
ukiwa umefika magotini.
Lakini daftari hili halina safu ya watu wale.
Lina safu ya tarehe, safu ya milimita,
na ya tatu, pana kuliko zote: maoni,
ambayo kwa miaka ishirini na tatu nimeiacha tupu.

Leo ni zamu ya Nyemo kushika penseli.
Ana miaka kumi na miwili, na magamba ya vumbi kwenye miguu.
Bwawa la Mlimani analijua kama jina la kituo cha basi.
"Mwalimu, hapa kwenye maoni tunaandika nini?"

Ningeweza kumwambia: upepo. Vumbi. Mawingu yamepita.
Ningeweza kumwambia kuwa bado, bado kuna muda,
nilivyowaambia kaka zake,
kwa sauti ileile ninayoitumia kumtuliza mtoto mgonjwa
gari la zahanati likiwa limeshaharibika.

Nikasema: "Andika, tulijua."

Akaandika, taratibu, ulimi nje.
Kisha akasita, akaliangalia neno lake.
"Mwalimu, hata mimi?"

Nikaomba raba.
Nikafuta mwanzo wa neno, herufi mbili tu,
na pale kwenye karatasi likabaki lijua,
peke yake, limekodoa,
kama lile lililokuwa juu ya vichwa vyetu.
Tulilitazama wote wawili. Hakuna aliyecheka.
Kisha mbele yake nikaandika, kwa mkono wangu, *ni*.

Nilijua.

Haikuleta tone.
Kifua hakikuwa chepesi, wala sikukitarajia kiwe.
Nyemo alimtoa buibui kwa kijiti, akamweka kivulini,
akasugua faneli kwa pindo la sketi
mpaka ikang'aa,
akairudisha, akaipima kwa jicho kama imekaa sawa.
Ilikuwa imeinama kidogo.
Akainyoosha.
Kengele ikalia.